Vichanganuzi Viwili vya Wifi

Wifi yangu ni mbishi, nasema mapema msije mkadhani namsifu kwa sababu ya undugu. Yeye ndiye fundi wa programu za kompyuta hospitalini kwetu. Mimi niko maabara, chumba cha pili, na ukuta wenyewe mwembamba, kwa hiyo akiitukana kompyuta nasikia yote.

Mkuu wa hospitali alimpa mpaka Ijumaa asubuhi. Programu yake isome maagizo ya madaktari pamoja na majibu ya mashine ya damu, la sivyo arudi masjala akapange mafaili. Wifi na masjala? Angekufa kwa kihoro.

Kila aina ya faili ina kichanganuzi chake, yaani kipande cha programu kinachoisoma na kuielewa. Wifi huandika kanuni tu, kisha kuna zana inayomtengenezea kichanganuzi. Kimoja kimoja, safi. Kuviweka pamoja, balaa! Zana ile ilizipa sehemu za ndani za vyote viwili majina yale yale, na kompyuta ikagoma: jina hili limeshatumika.

Basi bibi wee akaingia ndani ya kile cha maagizo, akabadilisha majina moja moja kwa mkono. Ikakubali. Alhamisi mchana daktari akaomba mstari mmoja uongezwe kwenye fomu ya maagizo. Wifi akagusa kanuni, zana ikatengeneza kichanganuzi upya, na kazi yote ya mikono ikafutika.

Nilimkuta ameinamia meza.

"Wifi, nimekwisha," akaniambia.

"Umekwisha nini? Yabadilishe tena!" Nilikuwa nimekasirika kuliko yeye. "Au utayabadilisha kila daktari akipiga chafya?"

Akainua kichwa. "Si mimi. Zana yenyewe iyabadilishe."

Akaongeza mstari mmoja tu kwenye kanuni za kila upande: majina ya huku yaanze na "agizo", ya kule yaanze na "damu". Akatengeneza upya, mara tatu, makusudi. Majina hayakugongana tena.

Ijumaa mkuu alisimama nyuma yake, mikono kifuani. Agizo na majibu ya mgonjwa yakatokea pamoja.

"Na mashine ya mkojo je?" akamtega.

Kanuni za mashine hiyo wifi alikuwa nazo tayari. Akaongeza ule mstari mmoja, majina yaanze na "mkojo", akabonyeza, na majibu yakatoka mkuu akiwa bado amesimama.

Mkuu akakohoa. "Jumatatu uanze na eksirei."

"Sawa, mkuu," wifi akajibu kwa adabu zote. Mlango ulipofungwa tulikumbatiana tukarukaruka kama wendawazimu, na nilipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakachungulia.