Nilimsimanga Ndugu Yangu kwa Maziwa ya Mama

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili mtu asijichoshe kunitafutia utetezi. Nina hasira mpaka leo, na nusu ya hasira hizo ni za kujichukia mwenyewe, lakini huruma yenu siitaki. Nisomeni tu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nakaa Ujiji. Nina ndugu yangu anaishi Oslo, kule Norwei. Nitamwita Goreti, si jina lake.

Hatukuzaliwa tumbo moja. Miaka ile ya wakimbizi mama yake alivuka kutoka Burundi, akashushwa kwenye boti hapa Ujiji na kichanga mkononi, homa imemshika, maziwa yamemkauka. Mama yangu alikuwa ananinyonyesha mimi. Hakuuliza kabila wala dini. Akampakata Goreti upande mmoja, mimi upande wa pili, miezi mitano mizima, mpaka mama yake akapona, wakapelekwa kambini.

Kwetu Waislamu huo ni undugu kamili. Angekuwa mwanamume nisingeruhusiwa kuolewa naye! Likizo zote alikuja kwetu, tukiitana pacha. Baadaye wakapata nafasi ya kwenda Norwei, na mama yake akafia huko huko. Goreti akabaki na nani? Na sisi.

Nilipojifungua, akasema njoo unitembelee. Barua ya mwaliko akaandika yeye, tiketi akakata yeye. Viza yangu ikatoka, ya mtoto ikakwama. Mama akaniambia, "Nenda, ni wiki tatu tu. Huyu ana miezi tisa, uji anakula."

Nikaenda. Ujinga wa kwanza huo! Kifua hakijui habari za viza.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Nilimpelekea dagaa wa kwetu Kibirizi, akawala kwa mkono huku machozi yanamtoka. Akanitembeza mji. Tulipanda juu ya paa la jumba kubwa kando ya maji, watu wanatembea juu ya paa kama barabarani! Akanipeleka kwenye bustani ya masanamu, wake kwa waume, wazee kwa watoto, wote uchi wa mnyama.

"Pacha, katika wote hawa hakuna hata mmoja mwenye kanga?"

"Nyamaza, utatuaibisha!" Anacheka mpaka anashika mbavu. "Hebu simama karibu na yule mzee nikupige picha."

"Umtumie mama? Nikirudi nilale wapi?"

Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameniambia kwamba ameomba uraia, anasubiri jibu. "Naogopa, pacha. Ukiwa hapa usigombane na mtu. Usiguse cha mtu." Nikamwambia nimesikia.

Tulipotoka bustanini akaingia mgahawani kupanga foleni ya kahawa. Mimi nikabaki nje, maana maziwa yalikuwa yamejaa, yanauma, yamelowesha blauzi, naona aibu.

Pale nje kulikuwa na vigari vitatu vya watoto. Wamo watoto ndani! Kwenye baridi ile! Mama zao wamekaa nyuma ya kioo wanakunywa kahawa. Kumbe ndiyo desturi yao, eti mtoto alale kwenye hewa safi. Nani aliniambia?

Mmoja akaanza kulia. Nikagonga kioo, hakuna aliyegeuka. Akalia zaidi, kilio kile kile cha mwanangu akiwa na njaa. Kifua changu kikamwaga chenyewe.

Nikamtoa. Nikaketi kwenye benchi, nikafungua koti, nikamnyonyesha. Akanyamaza palepale.

Msinicheke! Mitaani kwetu, mpaka Buzebazeba huko, mwanamke akichelewa sokoni jirani humnyonyesha mwanawe. Akirudi anaambiwa, "Kashiba huyu, mchukue." Imekwisha.

Mama wa yule mtoto akatoka. Ukelele alioupiga! Akaninyang'anya mtoto, watu wakajaa, Goreti akatoka mbio, simu zikatoka, polisi wawili wakaja. Hawakunipiga wala kunitukana. Wakatupeleka kituoni, mimi na Goreti, wakamleta mkalimani, mzee mmoja Mkongo anayejua Kiswahili.

Afisa wa kike akauliza tuna uhusiano gani. Nikasema, huyu ni ndugu yangu. Mzee akatafsiri. Afisa akamgeukia Goreti. Goreti akajibu kwa lugha yao, macho chini.

"Amesema nini?" nikamuuliza mzee.

Mzee akakohoa. "Amesema wewe si ndugu yake, mama. Ni mgeni tu, mlifahamiana zamani."

Hapo ndipo nilipolitenda lile ninaloungama. Kumnyonyesha mtoto wa watu ni ushamba, nitasamehewa. Hili sijui.

Nilisimama nikapiga kelele, "Si ndugu yako? Umenyonya maziwa ya mama yangu ukanenepa, leo si ndugu yako? Mkimbizi mkubwa wewe! Ungefia pale mchangani kama si sisi! Basi yarudishe! Yarudishe maziwa ya watu!"

Mzee akaweka kalamu chini. "Mama, na hili nalo nitafsiri?"

Akajibu Goreti. "Tafsiri, mzee. Yote."

Nikapimwa damu, majibu yakawa safi, yule mama hakutaka kesi. Tukaachiwa. Nyumbani Goreti akanikunjia nguo zangu moja moja, akazipanga vizuri kwenye begi, ndipo akasema:

"Nilikukana kwa woga. Nilikosea, na nilikusudia kukuomba radhi. Lakini lile neno hukulipata kituoni. Ulikuja nalo."

Wallahi, alisema kweli! Ndiyo maana niliwaka zaidi. Tangu utotoni nilikuwa nikimhesabia: ameletewa gauni la sikukuu kama langu, amepewa mnofu wa samaki kabla yangu. Alipopanda ndege kwenda Norwei nikasema moyoni, aliyekuja mikono mitupu anaruka, mimi na kidato changu cha nne napimia watu dagaa kwa kopo. Neno lile lilikaa miaka yote hiyo, likisubiri aniudhi tu.

Nilirudi Ujiji nikijua mama ataniunga mkono. Nilimkuta anachambua mchele, nikammwagia yote, nikaanza na jinsi nilivyokanwa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Yale maziwa yalikuwa ya nani?"

"Yako, mama."

"Nilikutuma ukanidaie?"

Akaendelea na mchele wake. Siku hizi Ijumaa Goreti akimpigia, mama hutoka na simu mpaka uani, nami nikikaribia anashusha sauti. Uraia alishaupata. Nimeambiwa na jirani! Na bado namkasirikia, msidhani nimekuwa malaika. Alinikana! Lakini yeye alinikana kwa kuogopa, dakika moja. Mimi nilimkana kwa miaka, huku namwita pacha.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna mtu aliyepokewa, awe yatima, awe mkimbizi, awe mtoto wa shangazi, jichunguze leo. Kama unamhesabia tonge, acha sasa hivi, kabla hujakasirika. Ukishakasirika, neno halikuombi ruhusa.

Na usijidanganye kwamba utakuja kuomba radhi yaishe. Mimi nimemwandikia Goreti ujumbe mrefu, nimelia nikiuandika. Alijibu siku hiyo hiyo, kwa adabu zote, kama unavyomjibu karani wa ofisini: "Nashukuru kwa ujumbe wako. Wasalimie nyumbani."