Nilikuwa natetea bangi ihalalishwe na itozwe kodi, mpaka siku niliyoning'inia kwenye kamba duarani

Wakuu, poleni na kazi.

Naandika taratibu kwa sababu nataka kila neno liwe la kweli. Majina nimebadilisha na duara, yaani shimo letu la dhahabu, sitalitaja. Mengine yote ni kama yalivyotokea, na aliyekuwa kwenye hiyo kamba ni mimi mwenyewe.

Nijieleze kidogo. Nina miaka hamsini na moja, kwetu ni Shinyanga. Nilianza na almasi kule Maganzo, sasa ni mwaka wa kumi na kitu niko Geita kwenye dhahabu. Kazi yangu ni matimba, yaani zile nguzo na mbao tunazopanga kwenye kuta za shimo ili udongo usishuke. Shule niliishia la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, kwenye vitabu vya mitumba na kwenye simu.

Baadhi yenu mnanikumbuka humu. Kulikuwa na uzi wa bangi, nami nilisimama upande wa kuhalalisha. Niliandika kwa mpangilio: iuzwe kwa leseni, ubora upimwe, itozwe kodi kama bia, watoto wasiuziwe, mkulima atoke mafichoni. Mkuu mmoja alinitukana, nikamjibu kwa hoja, nikafunga simu nimeridhika.

Kamba sikuwa nimeifikiria.

Sasa niwaeleze utaratibu wetu, maana bila huo hamtaelewa kosa langu.

Duara ni shimo la kushuka wima. Letu lina mita arobaini na kitu. Unakaa kwenye kipande cha mbao kilichofungwa kamba, wenzako juu wanakushusha kwa winchi. Winchi yetu ni ya mkono: gogo lenye vishikio viwili vya chuma, watu wawili, mmoja kila upande. Wakitaka kupumzika wanachomeka nondo, gogo linakwama. Pembeni kuna kamba nyembamba, juu imefungwa kopo lenye kokoto. Ukivuta mara moja, maana yake simama. Mara mbili, nipandishe. Mara tatu, nishushe.

Asubuhi kabla ya kushuka tunasimama mdomoni mwa duara na kila mtu anasema mwenyewe: "chini" au "juani". Aliyesema juani anabaki juu siku hiyo, na haulizwi sababu.

Huo ni mwiko. Wengine wanasema juani kwa sababu wameota vibaya, na ukimlazimisha mtu aisimulie ndoto yake pale mdomoni, hakuna atakayeshuka.

Ila mimi kama msimamizi wa zamu nina njia yangu. Nampa kila mmoja mkono, nasogea karibu, namnusa. Mwenye harufu ya pombe namweka kwenye kuchambua mawe, winchi haigusi. Asiye na harufu naamini kaota, au tumbo linamsumbua. Huyo anafaa winchi.

Walevi wenyewe wala hawajifichi. "Fundi, usinisogelee, jana nilikuwa harusini, utalewa bure," mtu anasema, watu wanacheka, anakwenda kwenye mawe yake. Kwa miaka yote hiyo sikuona tundu kwenye utaratibu huu. Niliuona mzuri kuliko wa migodi mikubwa.

Siku yenyewe tulikuwa wachache. Kulikuwa na msiba kijiji cha jirani.

Baba Kulwa alifika mapema. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, baba wa mapacha, mchapakazi, mpole, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kusema chini. Asubuhi ile alisema juani.

Juma, kijana wa winchi, akamdaka hapo hapo kwa lile jina la utani tunaloitana Wasukuma. "Ngosha leo kaota mama mkwe!"

Watu wakacheka. Baba Kulwa naye akacheka, akaendelea kucheka wengine walipokwisha kunyamaza. Hilo nililiona. Nikampa mkono, nikasogea. Alinukia sabuni.

Macho yalikuwa mekundu, ndiyo. Lakini wakuu, kwenye vumbi la duara, macho ya nani ni meupe?

Nikampanga winchi na Juma. Nimempanga mimi, kwa mdomo wangu. Naomba mlishike hilo.

Kama saa nne na nusu wachimbaji walipanda wakasema timba linalia kule kati. Timba likilia maana yake mbao inabanwa na inatoa mlio. Nikahakikisha hakuna aliyebaki chini, kisha nikashuka peke yangu kutazama.

Nilifika seti ya matimba ya ishirini na tatu kutoka juu. Nikavuta mara moja, wakasimama. Nikamulika. Boriti ya upande wa mashariki ilikuwa imepasuka katikati, na nyuma yake udongo ulikuwa umeanza kuvimba. Nikapiga kelele Juma akanikatie nguzo mbili fupi kule kwenye rundo la mbao.

"Nakuja nazo, fundi!" Nikasikia nondo inachomekwa, kisha kandambili zake zikaondoka.

Hapo juu akabaki Baba Kulwa peke yake.

Udongo ulianza kidogo, kama unga unaochekechwa juu ya kofia yangu. Kisha likapita jiwe la ukubwa wa ngumi karibu na bega. Nilisikia likigonga ukuta, likagonga tena, halafu kimya, halafu likafika.

Nikavuta mara mbili. Nipandishe.

Hakuna kitu.

Utaratibu unasema ukiwa peke yako kwenye winchi na mtu anaomba kupanda, unaita watu. Karasha la kusaga mawe lilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, na wachimbaji waliopanda walikuwa huko. Nikavuta tena mara mbili. Kopo nililisikia likilia. Yeye pia lazima alilisikia.

Nikaita, "Baba Kulwa!"

"Naam, fundi!" Sauti nzuri kabisa, ya mtu aliyekaa kibarazani kwake.

"Ita watu wa karasha! Timba linaachia!"

"Sawa, fundi. Sasa hivi."

Kisha nikamsikia anaimba. Sauti ya puani, taratibu, wimbo wa kulima. Hakuondoka. Alikuwa anaimba pale pale mdomoni.

Mimi nikiogopa huwa nahesabu. Nikaanza moja. Nilipofika sitini nikamwita, akaitika, "Sasa hivi, fundi." Nikaanza tena. Boriti ililia mara mbili. Nilipomulika, ule mpasuko ungeweza kuingiza kidole. Nikafikiria kuishika kamba kwa mikono nipande mwenyewe, nikajua umri wa kupanda hivyo nimeshaupita. Nikaacha kuita kwa kuogopa sauti yangu isishtue udongo. Najua kwamba sauti haishtui udongo, nimesoma. Siku ile niliamini inashtua.

Nilihesabu sitini mara kumi na moja.

Halafu nikasikia chuma kinachomolewa.

Wakuu, alikuwa ameamua kunivuta mwenyewe. Mtu mmoja, kwenye winchi ya watu wawili, na nondo ametoa.

Nilianguka. Haikuwa mbali, kama mita mbili, lakini shimoni huna cha kupimia, unajua tu kwamba kiti hakipo chini yako. Kamba ikakaza kwa kishindo, goti likagonga mwamba, tochi ikazimika. Sasa ile boriti mbovu ilikuwa juu ya kichwa changu, na nilikuwa gizani.

Ndipo nikasikia Juma anapiga ukelele, "Shika! Shika wewe, unamuua mzee!" Na miguu mingi ikija.

Walinipandisha watu wanne. Nilipopita pale kwenye boriti nilifumba macho kama mtoto. Nilipofika juu nilikaa chini. Tulikuwa hatujamaliza kikombe cha maji tuliposikia ile boriti ikianguka kule chini. Upepo wenye vumbi ulitoka mdomoni mwa duara, kisha kukawa kimya.

Mwenye duara ni mama mmoja, tumwite Mama Neema. Alikuja mbio na kanga yake begani, nikamweleza kwa maneno machache. Hakuuliza kuhusu duara. Alimwendea Baba Kulwa, akamwangalia machoni kwa muda mrefu.

"Umevuta."

Baba Kulwa akafuta viganja kwenye suruali.

"Fundi amening'inia pale muda wote huo, wewe unaimba?"

"Muda gani, Mama Neema?" Akanigeukia mimi, na nawaapia alikuwa anashangaa kweli. "Fundi, si umevuta kamba sasa hivi tu?"

Hilo ndilo neno linaloniamsha hadi leo. Dakika zangu kumi na moja, kwake zilikuwa pumzi moja.

Mama Neema akaanza kufoka. Baba Kulwa akamkatiza, naye si mtu wa kumkatiza mama wa watu.

"Mimi nilisema juani. Mlinisikia wote. Nilijua kichwa changu leo si cha chini, nikasema juani."

"Ulisema juani, hukusema umevuta msuba!"

"Ningesema mbele ya nani?" Akaonyesha kwa kidevu benchi la mama lishe, ambako mgambo wa kijiji hunywa chai kila asubuhi. "Juma akinywa anasema, mnacheka, anapewa mawe. Mimi nikisema napelekwa wapi? Kulwa na Doto wabaki na nani?"

Juma alikuwa anatazama miguu yake.

Baba Kulwa alichukua koti lake akaondoka. Hakufukuzwa, hakuripotiwa.

Wakuu, nimelala nyumbani siku nyingi na goti hili, nikawaza kwa utaratibu kama ninavyopenda.

Kwanza, mtu yule alifanya sehemu yake kwa kiasi alichoweza. Alijizuia kushuka. Mimi ndiye niliyemchukua mtu aliyejitoa kwenye hatari nikamkabidhi uhai wangu, kwa sababu pua yangu inajua kitu kimoja tu. Pombe tunaidhibiti pale duarani bila sheria yoyote ya maandishi, kwa sababu tu mlevi anaweza kusema. Mvutaji hawezi. Kifungo kimemfunga mdomo, na mdomo wake uliofungwa ulikuwa umeshika kamba yangu. Anayesema adhabu kali inatulinda, aje akae kwenye kile kibao.

Lakini na mimi wa ule uzi wa zamani sina raha. Niliandika "itozwe kodi na idhibitiwe" kama vile kudhibiti ni kubandika karatasi ukutani. Nani atadhibiti mdomoni mwa duara saa kumi na mbili asubuhi? Nimesoma kuhusu vipimo: mkojo unaweza kuonyesha bangi siku nyingi baada ya kichwa kutulia. Kwa hiyo kipimo kitanionyesha aliyevuta Jumapili, hakitaniambia nani amelewa sasa. Na duka la leseni likifunguliwa, litafunguliwa wapi kwanza kama si hapa kwenye machimbo, ambako watu wanatafuta ujasiri wa kushuka?

Nilipofika ni hapa, na ninapasema kwa hofu: kabla ya duka na kabla ya kodi, mvutaji aondolewe jela, ili asubuhi aweze kusema, "fundi, mimi mawe leo." Biashara tuijadili baadaye, tena na wanaoshika kamba wakiwepo. Nikikosea nisahihisheni, lakini kwa hoja.

Funzo langu ni kwamba nilijadili jambo hili miaka mingi kama suala la mvutaji na serikali. Sikumweka yule wa tatu, anayening'inia.

Sasa kilichonifanya niandike leo.

Juzi Juma aliniambia Baba Kulwa amepata kazi duara la upande wa pili wa kilima. Kwa kuwa hataki tena kushuka, wamempa winchi. Mwenye duara lile namfahamu na namba yake ninayo. Nikimwambia kwa nini Baba Kulwa aliondoka kwetu, nitakuwa nimeweka neno hilo kwenye masikio ambayo siyamiliki, na baba wa mapacha anaweza kwenda jela. Nisipomwambia, kuna mtu anakaa kwenye kibao asubuhi na kumsalimia bila kujua.

Nimeamua kwenda mwenyewe, niongee na Baba Kulwa kwanza, pembeni, kabla hawajaanza. Nitamwomba aombe kazi ya mawe. Akikataa, nitamwambia mwenye duara, na nitaishi na matokeo yake. Sijui kama hii ni haki. Namwogopa akikubali kwa mdomo tu, na namwogopa akikataa.

Kama umewahi kufanya kazi ambayo uhai wa mtu uko mikononi mwa mwenzake, niambie ungefanyaje. Msiniandikie matusi, wala "pole mkuu" peke yake. Na kama unalo la kunizuia, liseme leo, maana kesho saa kumi na mbili wanashuka.