Karatasi Tano za Bi Mita

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa Bi Mita, kwa ajili ya ile mita ya kupimia umeme aliyoivaa shingoni kwa kamba, mchana kutwa, hata akienda sokoni. Yeye na mumewe, fundi cherehani, walifanya kazi katika chumba kimoja cha mbele. Upande wa mlangoni ulikuwa wa cherehani na meza ndefu ya kukatia nguo. Upande wa dirishani ulikuwa wa redio, pasi na feni zilizopasuliwa matumbo. Mpaka wao ulikuwa ufa wa sakafu, na haukuheshimiwa sana. Mteja mmoja aliwahi kukuta vishikizo vitatu ndani ya redio yake, na bwana harusi mwingine alikuta skrubu mfukoni mwa suti.

Ufundi wake Bi Mita aliupata kiwandani, alikounganisha redio kwa miaka kumi na mmoja. Msimamizi wao, mama mmoja mkali asiyecheka na mtu, aliwafundisha kusoma mchoro wa saketi, ile ramani ya njia za umeme, kama mtu asomavyo barua kutoka kwao, mstari kwa mstari, bila kubahatisha. Kiwanda kilipofungwa, wenzake waliondoka na vyeti. Yeye aliondoka na mita, na tabia ya kutoamini kitu asichokipima.

Asubuhi moja shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, aliingia amebeba kitu kilichofungwa kwa shuka kama mtoto mchanga. Watu walimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha shule ya watoto viziwi mpaka kustaafu.

"Shemeji, umeniletea maiti nizike, au mgonjwa nitibu?" Bi Mita alimuuliza.

"Kama ningejua, ningekuja kwako?"

Ndani ya shuka mlikuwa na kompyuta ya zamani, ya aina ile ambayo vitufe na ubongo vyote vimo katika kisanduku kimoja cha plastiki, unaichomeka kwenye televisheni, na programu zake unazisoma kutoka kwenye kaseti. Shule iliipata kama msaada, zamani, na hakuna mwalimu mwingine aliyeigusa. Mwalimu ndiye aliyekaa nayo likizo nzima, akajifunza peke yake kuiandikia maagizo, mpaka akatunga programu ya kusomea. Picha ya kitu ilitokea, kikombe, kiatu au paka, na mtoto aliandika jina la kitu hicho. Akipatia, picha ilicheza. Watoto ambao vitabu vilikuwa vimewashinda walipanga foleni kumchezesha paka, na kwa paka huyo wakajua kusoma. Kisha mashine ikafa, shule ikataka kuitupa, yeye akaichukua nyumbani pamoja na kaseti zake saba. Ikakaa juu ya kabati miaka ishirini na sita.

Sasa wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye watoto wao, walikuwa wamepanga kukutana, na mmoja alimwandikia ujumbe: paka yupo? Mwalimu alikuwa hajajibu.

Bi Mita aliiwasha. Televisheni ilionyesha vijisanduku vya ovyo, kama mkeka uliosukwa na mlevi. Alipima umeme wa kuingia, ukawa sawasawa. Maana yake ugonjwa ulikuwa ndani zaidi, na huko huendi bila mchoro.

Michoro ilikuwepo kwenye intaneti, tena mingi. Alikwenda duka la fotokopi akachapisha wa kwanza, akarudi nao mbio, akauweka mezani. Ulikuwa fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Tarakimu zilikuwa zimejaa wino kama mbu waliopigwa ukutani. Tatu ilifanana na nane, na nane ilifanana na doa. Wa pili ulikuwa safi, ila aliyeuskani hakukunjua karatasi, kwa hiyo katikati, pale mistari yote ilipokutana, palikuwa na kivuli cheusi cha mkunjo. Wa tatu ulisomeka vizuri mno. Aliufuata kwa furaha siku mbili, akang'oa chipu aliyoishuku, akaipima, akakuta nzima kabisa. Ndipo alipogundua kwamba mchoro ule ulikuwa wa toleo jingine la mashine hiyohiyo. Alikuwa amempasua mgonjwa kwa kutazama picha ya ndugu yake.

 Wakati wa kula alimwambia mumewe kwamba ameona njia moja tu: auchore mwenyewe, kutoka kwenye ubao wenyewe uliobeba chipu na njia za shaba, mguu kwa mguu.

Mumewe aliutazama ubao ule, chipu zake zimejipanga kama vitanda vya bweni, kila moja na miguu kumi na minne, kumi na sita, nyingine arobaini. Alimuuliza kama anajua anachokisema. Bi Mita akakiri kwamba akili inagoma akijaribu kuuona wote kwa pamoja.

"Nani amekwambia uuone wote?" mumewe akasema. "Mimi sijawahi kukata suti. Nakata mkono. Nakata kola. Kila kipande na karatasi yake, suti inakuja baadaye."

Akamwachia nusu ya meza ndefu, na bunda la karatasi zile pana za kukatia vielelezo vya nguo.

Hivyo akaugawa ubao vipande vitano: umeme, ubongo, kumbukumbu, picha, na vitufe pamoja na kaseti. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kugonga dirisha, alishika ncha moja ya mita kwenye mguu mmoja wa chipu, na ya pili akaigusisha miguu mingine yote, mmoja baada ya mwingine. Mita ikilia, miguu hiyo miwili imeungana, anachora mstari. Isipolia, anasonga mbele. Kazi ya kuhesabu mchele kwenye gunia. Mumewe alizoea mlio ule hata akawa anakanyaga cherehani kwa mdundo wake. Majirani waliuliza kama wamefuga kifaranga.

Miezi mitano ilipita. Alikuwa na sheria moja: hakuna kuandika tarakimu kwa kukisia. Kifaa kilichofutika maandishi alikibandua mguu mmoja kutoka ubaoni, akakipima, akakirudisha. Mwalimu alipita kila juma, akakaa kwenye kiti cha wateja, na kwa utani wa shemeji akamuuliza kama anamsubiri afe kwanza. Bi Mita alimjibu kwamba akifa naye atachorwa. Lakini wanafunzi walikutana, wakaachana, na paka hakuonekana. Mwalimu hakulalamika. Hilo lilimuuma Bi Mita kuliko kama angelalamika.

Ilikuwa kwenye karatasi ya tatu, ya kumbukumbu, ndipo jambo lilipojitokeza. Chipu nane za kumbukumbu zilikaa safu moja, na mistari saba ya anwani, inayoziambia ni wapi pa kutafuta, ilipaswa kuzifikia zote. Alichora sita, kila mmoja ukafika. Wa saba ulitoka kwenye chipu inayoituma, na mita haikulia popote. Alirudia. Akabadilisha ncha za mita. Akarudia. Mstari ulikuwa hauna kwao.

Aliufuata kwa macho mpaka ulipopotea, akainua kapasita moja nene, kikopo cha kuhifadhi umeme, iliyolala hapo juu ya ubao. Chini yake palikuwa na ukoko wa kijani. Kapasita ilikuwa imevuja miaka hiyo yote, na maji yake yamekula njia ya shaba, upana wa punje ya mchele. Akasafisha, akabadilisha kapasita, akaunganisha kwa waya mwembamba kama unywele, akairudisha na ile chipu aliyoing'oa kwa makosa. Akawasha. Kioo kikawa cheupe kitulivu, na pembeni kijisanduku cheusi kikaanza kupepesa, kikisubiri kuandikiwa.

Alimwita mumewe kwa sauti ya kawaida. Mumewe alikuja na sindano mdomoni, akatazama, akaitoa sindano kwanza, ndipo akacheka.

Mwalimu alikuja jioni hiyohiyo na kaseti zake. Ya kwanza ilikataa, ya pili ikakataa, ya tatu ikasoma. Hakuja peke yake. Alifuatana na seremala mmoja, mwanafunzi wake wa darasa la kwanza kabisa, mtu wa mikono mipana asiyesikia. Picha ilipotokea, seremala hakungoja kuelekezwa. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, p, a, k, a. Paka akacheza. Seremala akamgeukia Mwalimu na mikono yake ikaanza kusema haraka, na ya Mwalimu ikajibu, na Bi Mita, ambaye hakujua lugha ile, hakuhitaji kutafsiriwa.

Kazi ingeweza kuishia hapo. Mgonjwa alikuwa amepona. Lakini karatasi mbili zilikuwa bado, na Bi Mita hakuziacha. Alizimaliza, akazipeleka zote tano duka la fotokopi zikaskaniwe, akasimama nyuma ya mwenye mashine akihimiza kila ukurasa ukunjuliwe vizuri. Akaziweka kwenye intaneti, mahali wapenzi wa mashine za kale wanapokutana, ili asiwepo mwingine wa kupasua kwa picha ya ndugu.

Shukrani zilikuja kutoka nchi asizowahi kuzisikia. Kisha, baada ya majuma matatu, mtu mmoja wa mbali akaandika kwa adabu kwamba kwenye karatasi ya nne, miguu miwili imebadilishana nafasi. Bi Mita alikasirika. Alimwambia mumewe kwamba huyo mtu hana mita. Halafu akaenda kwa Mwalimu, akaomba mashine, akaifungua, akapima. Mtu yule alikuwa sahihi.

Mumewe alimshauri afute kidogo tu, aandike juu yake, nani ataona? Bi Mita alimtazama kama mtu aliyemwambia amkabidhi mteja suti yenye mkono mmoja ulioshonwa nje ndani. Akatandika karatasi mpya, akaichora ya nne yote upya, siku tisa, na chini pembeni akaandika: kosa lilikuwa langu, aliyeliona ni fulani, na tarehe.

Mpaka leo, anayeutafuta mchoro wa mashine ile hukutana na wa kwake kabla ya ile yenye madoa. Tarakimu zake ni kubwa, wima, za mtu aliyeandika ili mwingine asome. Juzi ujumbe mwingine ulifika, wa mama mmoja aliyefufua mashine ya baba yake. Bi Mita aliusoma mara mbili, akamsomea na mumewe, kisha akafungua dirisha. Kulikuwa na mtu nje na feni isiyozunguka.