Chupa Mbili za Fundi Baiskeli

Siku yangu ya kwanza maabara, hapa Mwanza, Mkuu wa Maabara alinipa brashi ya kusugulia mirija ya kioo. "Darasa la saba linatosha kuosha," alisema. "Ukiosha vibaya, utampa mtu ugonjwa wa jirani yake." Siku hiyo hiyo nikavunja mrija mmoja. Mingine huenda nimeisahau.

Baadaye nilipelekwa Magu, nikafundishwa kupima protini. Unadondosha tindikali kwenye mkojo. Protini ikiwemo, unakuwa mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Ila huku ziwani kichocho ni kingi, nacho huleta protini, kwa hiyo weupe peke yake hautoshi kusema kitu.

Niliporudi mjini ilikuwa miaka ya soko huria, maduka ya dawa yamefunguliwa kila kona. Fundi baiskeli mmoja wa Igoma alikuwa amechomwa sindano za kisonono duka baada ya duka, na maumivu ya kukojoa yakawa yanarudi. Mkewe alichoka, akaenda kwao Magu. Wazee wa pande zote walipanga kukaa Jumapili kuamua kama ng'ombe wa mahari warudi.

Daktari wetu alitaka mkojo kwenye chupa mbili: ya kwanza kabla ya kumkanda tezi dume kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, ya pili baada ya kumkanda. Nilimuuliza fundi kama alilala na mwanamke jana yake, maana shahawa nazo hugeuza mkojo.

"Mwanamke gani, kaka? Si yuko Magu!"

Nilipodondosha tindikali, chupa ya kwanza ilibaki safi. Ya pili ikawa nyeupe, na kwenye darubini nikaona chembe za usaha. Kichocho kingeonekana kwenye chupa zote mbili. "Tezi ina uvimbe wa siku nyingi," Daktari akasema.

Ijumaa fundi alimleta mkewe kutoka Magu asikie majibu. Mama yule akanikazia macho. "Wewe mpimaji, hicho kipimo kimesema hana mwanamke nje?"

Fundi akanikanyaga mguu.

"Hapana, mama. Kimesema ugonjwa uko kwenye tezi, na mwanaume anaweza kuupata bila kutoka nje ya ndoa. Kama alitoka au hakutoka, mkojo haujui."

"Umeniua, kaka," fundi akanong'ona.

Mkewe akamgeukia. "Huyu hakukutetea. Basi hilo la tezi namwamini." Kisha akauliza, "Na hicho kidole ulichoniambia, kiliuma?"

"We! Nilimtaja mama yako kwa jina."

Kwetu mkwe hatajwi jina. Mkewe akafunika mdomo kwa khanga, "Huna adabu wewe!" lakini kicheko kilishamponyoka. Jumapili wazee walikula wali wakaondoka. Ng'ombe walibaki walikokuwa.

Sasa nimestaafu, nipo Pasiansi. Nasikia siku hizi wanatafuta protini za tezi yenyewe kwa mashine. Vijana mnajua kuliko mimi. Kama fundi alikuwa mwaminifu, sijui hadi leo. Dawa zilimpunguzia maumivu, hazikuyamaliza. Nilipopita Igoma siku maumivu yamemrudia, nilimkuta mkewe akimchemshia maji ya kukalia kwenye beseni yamtulize, na kuwaambia wenye baiskeli wasubiri.