Chapati za Wifi Kahaso

Mimi ni Mwislamu na Krismasi si sikukuu yangu, lakini Krismasi ya nyumba ya Kanze naijua kuliko wengi walioimba naye kanisani. Tulipakana ua pale Msambweni. Mbuzi wao alichinjwa na mume wangu Sefu, makusudi ili na sisi majirani tule, na sufuria kubwa waliyompikia ilikuwa yangu.

Watu husema Kanze alikuwa na roho mbaya. Alikuwa nayo, sibishi. Lakini hakuzaliwa nayo; alipewa huko Mkongani, Krismasi ya mwaka wa uhuru, akiwa bado bi harusi.

Tembo, mumewe, alimpeleka kwao kula sikukuu. Nyumba ya wazee ilikuwa mikononi mwa Kahaso, dada yake mkubwa, mwanamke aliyezoea kuamuru. Ua ulijaa watu, kila mmoja anazungumzia uhuru. Uhuru huo jikoni haukufika. Kahaso alimwekea Kanze beseni la unga uliokandwa mbele ya mafiga, akamwambia, "Mke wetu, chapati hizi ni zako."

Kanze akasukuma na kuchoma tangu watu walipotoka kanisani hadi jua likaanza kushuka. Huko nje wanakula, wanaimba, wanaitisha nyingine. Alipotoka ale na yeye, macho mekundu kwa moshi, sufuria ilikuwa imebaki mchuzi na mfupa wa shingo. Kahaso akacheka. "Mpishi hushiba harufu," akasema, na ua mzima ukacheka naye. Tembo alikuwa ameketi pale pale, kinywa kimejaa nyama, akatazama chini.

"Mama Alfani," Kanze aliniambia baadaye, "nilikunywa ule mchuzi nikaapa. Wifi atakuja kwangu siku ya Krismasi. Atakaa motoni yeye, na akitoka atakuta sufuria kavu."

Tangu hapo akaanza kuitengeneza sikukuu ya nyumba yake, na kila alichoweka alikiweka kwa hasira. Chapati zilipikwa mkesha, ili Krismasi yenyewe mafiga yalale baridi. Nguo zilikatwa jora moja, baba, mama na watoto wao wawili, ili watu wa Mkongani wakipita kanisani wampelekee Kahaso habari. Na aliyepika ndiye aliyeanza kula. Kanze aliketi na sahani ya maini peke yake, mume na wageni wakimtazama na kumeza mate, mpaka amalize. Randu, mwanawe mkubwa, akiuliza kwa nini mama anakula kwanza, alijibiwa, "Kwa sababu ya shangazi yako." Mtoto yule alilijua jibu hilo kabla ya kujua wimbo hata mmoja wa Krismasi.

Na kila mwaka alimtuma Tembo kwao: mwambie wifi karibu sikukuu. Tembo akafurahi, akadhani mkewe amesamehe. Wanaume nao. Kahaso alikuwa mjanja zaidi, akawa anakataa.

Krismasi ya nne tangu ile, mvua ilikuwa imekosekana Mkongani na mahindi yamekauka. Kahaso akaja, amekonda, kuku mmoja kwapani. Watoto wakampa shikamoo, Kanze akampokea mzigo kwa mikono miwili. Kisha akaja uani kwangu.

"Mkesha huu sipiki chapati," akasema.

"Mtu amekuja na njaa, Mama Randu."

"Hata mimi nilikuwa nayo."

Na nitasema kweli, nilikuwa upande wake. Mtenda akitendewa hudhani kaonewa, na mimi nilitaka kuiona sura ya Kahaso akidhani hivyo.

Kesho yake, walipotoka kanisani, Kanze akaliweka beseni mbele ya mafiga. "Wifi, chapati hizi ni zako."

Kahaso alilitazama beseni, akamtazama Kanze, akaelewa. Hakubisha. Akajifunga leso kiunoni, akaketi, akaanza kusukuma. Sisi tukakaa barazani tukala. Kanze alikula maini yake polepole, kila tonge analitafuna kama dawa, na chapati zikipungua aliitisha nyingine kwa sauti. Nyama nayo akawa anaipakua kwa fujo, anarundika sahani za wanangu mpaka wakalemewa, ili tu sufuria iishe. Jikoni tulimsikia Kahaso akikohoa. Utamu wa kisasi nilikuwa nausikia hata mimi ulimini.

Mara Tembo akaweka sahani yake chini. Akaenda jikoni, akachutama, akamshika dadake mkono.

"Dada, moshi unakuumiza. Nenda ukale, nitazichoma mimi."

Kanze aliacha kutafuna. Nilimwona uso unabadilika, na hasira iliyouingia haikuwa ile niliyoizoea. Akainuka, akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Baba Randu, kumbe jikoni unakujua."

Tembo akatazama chini.

"Wifi, inuka," Kanze akasema, bila kumtazama Kahaso. "Njoo barazani. Wewe ulikuwa mtu baki, si wewe uliyenioa."

Akamketisha mkekani, akamsogezea sahani ya maini iliyobaki. Kahaso alikula akilia, sijui ni moshi au ni nini, na Kanze hakumbembeleza. Deni lile sasa alikuwa anamhesabia mwingine. Kila Tembo alipoleta chapati, mkewe alizipokea, akazigawa, akamrudisha motoni.

"Bado nyingine, Baba Randu."

Beseni lilipokwisha alasiri imeingia. Tembo akatoka, shati limelowa, macho mekundu, akafunua sufuria. Mchuzi. Akatugeukia tuliokaa, akangoja mtu aseme neno. Dada yake, aliyeshiba kwa mkono wa ndugu yake, akatazama chini.