Yule Anayekaa Tu Nyumbani

Nimeshona sketi nyingi za shule kuliko nilizowahi kuvaa. Sentensi hii nimeifumua na kuiandika upya kama ninavyofumua pindo lililokwenda kombo, na bado naiona ina kasoro. Naiacha hivyo hivyo. Nina hasira, na nikiendelea kuinyoosha itapoa.

Mimi ni fundi cherehani pale Sitalike. Kibanda changu kinatazama barabara. Kushona nilijifundisha mwenyewe kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudishia. Kusoma vitabu vinene nilijifundisha mwenyewe, na hata huku kuandika sikufundishwa na mtu. Wateja hunisifu: "Huyu binti shule hakufika mbali, lakini ana akili." Siipendi sifa hiyo. Mimi sikushindwa shule. Nilitolewa ili nikae na watoto.

Kwetu ni Shanwe, mjini Mpanda, lakini mpunga wetu uko bondeni Mwamkulu. Wazazi wangu ni Wasukuma, walikuja huku na ng'ombe kabla sijazaliwa. Ng'ombe walipopungua, mpunga ukashika nafasi. Msimu ukianza, baba na mama wanahamia shambani na kulala kwenye kibanda cha nyasi mpaka mavuno. Watoto wanabaki mjini, na binti mkubwa anageuka mama. Hakiitishwi kikao. Unaamka asubuhi, mama anakufunga mdogo wako mgongoni kwa kanga, anakuonyesha ulipo ufunguo wa stoo, anapanda baiskeli. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nilianza kwa kuchelewa, nikaja nikawa nakosa siku moja moja, kisha wiki nzima, mpaka mwalimu akaacha kuliita jina langu asubuhi. Hakuna aliyekuja kuuliza. Ndiyo jambo linaloniudhi mpaka leo: hakuna hata mmoja aliyeona kuna cha kuuliza.

Mwaka huu ikawa zamu ya mdogo wangu wa kike, ambaye yuko darasa la saba. Chini yake kuna mvulana aliyeanza la kwanza, na kitindamimba ambaye bado anajikojolea. Shule zilipofunguliwa nilikwenda kuwasalimia, nikamkuta mdogo wangu kwenye kizingiti, kitindamimba mgongoni, sare imeloa, saa ambayo wenzake wako darasani. Sare ile nilimshonea mimi. Marinda yake niliyarudia mpaka vidole vikaniuma, kwa sababu nilitaka yakae sawa yote.

"Mbona uko hapa?"

"Mtoto ana homa na anakohoa, dada."

"Na jana?"

"Jana nilifika nimechelewa, mwalimu wa zamu akanirudisha." Akamhamisha mtoto bega moja kwenda jingine kwa namna ninayoijua, namna ya mtu ambaye mgongo umeshazoea. "Usiwe na wasiwasi. Nitasoma mwenyewe kama wewe."

Kama mimi! Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuni.

Nilirudi Sitalike nikaanza kutafuta mtu wa kuishi na watoto kule Shanwe mpaka shule zifungwe. Sikutaka msichana mdogo. Ningekuwa namtoa mtoto wa mwenzangu shuleni ili wetu asome, na ule ni wizi uleule, umebadilishwa mlango tu. Nikampata mama mmoja mjane kutoka Mpimbwe, mteja wangu, aliyekwisha kulea wa kwake na wajukuu. Alinisikiliza huku akikagua mshono wa gauni lake.

"Nitakuja," akasema. "Lakini jikoni silali, mwanangu. Na Jumapili ni ya misa, hata nyumba ikiwaka moto."

"Utalala chumba kilichokuwa changu, mama. Na mshahara nitakulipa mimi mwenyewe."

Baba alipopata habari alicheka. "Mpaka tumlipe mtu akae? Kukaa nako siku hizi ni kazi?" Mama hakucheka. Yeye alisema majirani watamwona ameshindwa watoto wake, na mwanamke mgeni atashika sufuria zake. Nilimuuliza ni nani aliyekuwa anazishika sufuria hizo miaka yote. Akaendelea kuchambua mchele.

Basi yule mjane akahamia, watoto wakamwita bibi. Natamani kila mzazi anayesema "watajilea wenyewe" angeiona nyumba ile muhula huo. Uji ulikuwa tayari kabla ya kengele ya kwanza. Mvulana wa darasa la kwanza alikuwa anarudi mchana, anakalishwa kwenye mkeka, anaambiwa, "Soma nisikie," naye anasoma kwa makelele kama muuza samaki. Kitindamimba akaacha kukohoa. Mdogo wangu wa kike akaanza kubaki shuleni kwa masomo ya ziada, na siku moja nilipofika bila taarifa nikamkuta uwanjani anacheza rede na wenzake, anakwepa mpira huku akipiga kelele. Mgongo wake ulikuwa mtupu. Nilisimama pembeni nikimtazama, na hapa niseme kweli, pamoja na furaha niliona wivu. Nilimwonea wivu mtoto niliyemtafutia nafasi ile mimi mwenyewe. Najiona mchafu kuliandika, lakini nikilifumua hili, kitambaa chote kitaachia.

Kisha mpunga ukatia maziwa, na ndege wa kweleakwelea wakashuka Mwamkulu. Anayelima mpunga anajua: wakati huo lazima mtu akae juu ya ulingo, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, aamie ndege, awafukuze kwa debe na kombeo tangu asubuhi mpaka jua lizame. Mdogo wangu alikuwa anakaribia mtihani wa utamirifu, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa. Siku moja kabla ya mtihani alinipigia kwa simu ya jirani.

"Dada, bibi kachukuliwa."

"Kachukuliwa na nani?"

"Na baba. Kampakia kwenye pikipiki. Kasema mtu anayekaa tu nyumbani aende akaamie ndege."

Nilifunga kibanda, sare za watu zikabaki juu ya meza. Juu ya bodaboda niliyapanga maneno yangu vizuri, la kwanza mpaka la mwisho, kwa adabu yote. Nilipofika bondeni nikakuta bibi yuko juu ya ulingo anagonga debe, rozari shingoni, na baba chini anasuka kombeo. Maneno yote yakaniruka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kusaidia?"

"Nimekuja kumrudisha bibi. Kesho kuna mtihani, na mdogo wangu hana wa kumwachia mtoto."

"Nyie mnaniletea mambo ya mjini na ndege wanamaliza shamba! Kule nyumbani kuna kazi gani? Anakaa tu."

"Basi nenda wewe." Sauti yangu ilitoka nyembamba, ya kuchekesha. "Nenda Shanwe ukakae tu. Mimi nitaamia."

Bibi akaacha kugonga debe. "Baba watoto, kabla hujaondoka nikuelekeze. Yule mdogo hali uji bila kuimbiwa. Unajua kuimba?"

Ndani ya kibanda cha nyasi mama alikohoa, kikohozi kilichojaa kicheko.

"Wewe mtu wa Mpimbwe, gonga debe!" baba akafoka. "Ndege wanakula!"

"Wanakula nyie mkigombana. Mimi nashuka."

Na akashuka kweli, taratibu, akipapasa miti kwa mguu, akanikabidhi debe kama mtu anayekabidhi zamu. Bodaboda iliyonileta ndiyo iliyomrudisha. Baba hakumzuia. Nadhani hakuamini kwamba mtu anayekaa tu anaweza kuondoka.

Nilikaa juu ya ulingo siku zote za mtihani. Jua lilinichoma, sauti ikakauka, na mteja mmoja akanitumia ujumbe kwamba mimi si fundi wa kuaminika, maneno ambayo kwa mtu kama mimi ni kisu. Siku ya mwisho baba alipanda na hindi la kuchoma, akalivunja, akanipa kipande. Tukatafuna.

"Wewe ulikuwa unapenda shule?" akauliza, macho kwenye mpunga.

"Nilipenda."

"Hukusema."

"Nilikuwa na mtoto mgongoni, baba."

Akaweka jiwe kwenye kombeo, akalizungusha, akaliachia mbali sana, mahali pasipokuwa na ndege hata mmoja.

Hakuomba radhi, na sikungoja aombe. Jioni hiyo mdogo wangu alituma ujumbe kwamba amejibu maswali yote na karatasi ya hesabu aliimaliza kabla ya muda. Nikamwambia baba narudi kwenye cherehani yangu, na bibi hatoki Shanwe mpaka shule zifungwe. Atafute mwingine wa kuamia ndege.

"Nimtafute nani? Nitaamia mwenyewe."

Na ndivyo ilivyo. Mama ameniambia kwamba tangu Jumatatu baba yuko juu ya ulingo, anapelekewa chakula hukohuko, akishuka jioni anakandwa mgongo kwa maji ya moto. Majirani wakipita njiani wanasimama na kumpa pole kwa kazi. Kutwa nzima amekaa pale juu, na sijasikia hata mmoja aliyesema kwamba anakaa tu.