Siku Nilipomshika Baba Mkwe

Nilipoolewa kijijini Suma, kabla hata hajanionyesha jiko, mama mkwe alinifundisha kumkwepa baba mkwe. Nikimwona njiani, nijifunike khanga, niingie migombani mpaka apite. Jina lake nisilitamke kamwe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Malori ya wachuuzi yalianza kufika mpaka barabarani kwetu kufuata ndizi, na ndizi ni kazi ya wanawake: tunakata, tunabeba kichwani, tunapatana bei. Basi kila siku ya lori baba mkwe alisimama palepale barabarani, mikono nyuma, akitazama tu. Mimi na mkungu wangu tulijibanza kwenye mibuni, mvua ikinichapa, nikisubiri mzee achoke kutazama. Mara mbili lori liliondoka nimejificha.

Mume wangu, aliyefanya kazi kiwanda cha chai, alicheka nilipolalamika.

"Vumilia. Ndiyo heshima."

Heshima hiyo yeye haikumlowesha.

Siku moja mama mkwe na majirani walikwenda kupika kwenye msiba kijiji cha Matwebe. Nilibaki na mtoto mgonjwa. Nikasikia mtu anaguna nyuma ya nyumba. Mzee alikuwa ameteleza mtaroni, mguu umekunjika chini yake, maji ya mvua yanamfika kifuani. Nikapiga kelele; hakuna aliyeitika.

"Rudi ndani!" akanifokea, ameziba uso kwa kofia. Miaka minne ya ndoa, hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu.

"Nikirudi, nani atakutoa?"

Nikashuka, nikamkumbatia kiunoni kama gunia la viazi, nikamvuta. Yeye katazama kulia, mimi kushoto.

Mama mkwe aliporudi hakuulizia mguu. "Umemshika? Ungeita wanaume!"

"Wanaume gani, mama? Wote walikuwa msibani wanasubiri chakula."

Ukoo ukakaa kikao, ukaamua nitoe jogoo wa kuondoa mkosi. Jogoo niliyemlea mwenyewe! Nikamnyonyoa, nikampika, nikamfikisha mlangoni, nikarudi jikoni kusikiliza wanavyotafuna. Nilikasirika mpaka nikalia.

Wiki chache baadaye mama mkwe alinijia shambani.

"Mzee anasema siku za lori hatakwenda tena barabarani. Mguu unamsumbua."

"Pole yake," nikajibu.

Jumapili nilimwona kwa mbali, anapanda kilima kwenda kanisani, hachechemei hata kidogo.